Pampu ya Dukani

Upepo wa kusi ulipoyashika mapanga ya bati juu ya mnara, wanawake wa Bweni, kisiwani Mafia, walipiga vigelegele kabla hata maji hayajatoka. Mnara ulilia, mkono wa chuma ukapanda na kushuka, bomba likakohoa, na tone la kwanza likaangukia kwenye ndoo ya Kijakazi, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Likaja jingine. Halafu maji yakaja kweli, mkondo mwembamba usiozidi kidole, na Injinia Wilbrod wa idara ya maji ya halmashauri, aliyekuwa amesimama chini ya mnara na kofia yake ngumu ya njano, akamgeukia mkewe akacheka kwa sauti.

Laurencia naye akacheka. Alikuwa amekuja Bweni kama afisa ugavi wa halmashauri, ili akubali kwa niaba ya serikali kwamba pampu imepokelewa na inafanya kazi. Lakini alipomwona mumewe anacheka vile alisahau yote. Miaka miwili mtu huyu alikuwa akiichora pampu ile kwenye meza yao ya chakula, sahani zikisukumwa pembeni, chumvi ikigeuzwa kisima na kijiko kikigeuzwa bomba. Aliichora mwenyewe tangu mwanzo, kwa kisima cha Bweni na si kingine, na karakana moja ya Dar es Salaam ikaifua kipande kwa kipande kwa vipimo vyake. Hakuna pampu kama ile popote duniani. Alipenda kulisema hilo.

Mlio ulipotoka ulikuwa mkavu, kama gogo linalopasuliwa. Mkono wa chuma ulikatikia katikati, nusu ikaning'inia, nusu ikatumbukia kisimani. Juu, mapanga yaliendelea kuzunguka kwa furaha, hayajui lolote.

Vigelegele vilikoma. Kijakazi aliinama akatazama ndani ya ndoo yake, ambamo maji hayakufika hata nusu.

"Injinia," alisema, "ndiyo basi?"

"Ni mkono tu, mama. Nitauchora upya, uwe mnene zaidi."

"Utakuja lini huo mkono?"

Wilbrod alivua kofia akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. "Lazima ufuliwe maalumu. Mwakani, bajeti ikiruhusu."

"Mara ya kwanza ulituambia baada ya Ramadhani. Ya pili, baada ya masika. Sasa mwakani." Kijakazi hakusema kwa ukali. Alijitwisha ndoo ile nyepesi, akakunja khanga yake vizuri kiunoni. "Haya, twendeni zetu, mashoga. Kisima cha bondeni hakituambii mwakani."

Wakaondoka kwa mstari, ndoo tupu zikigongana, kuelekea kisima cha zamani cha mbali ambacho huchotwa kwa kamba. Hakuna aliyemcheka Wilbrod. Laurencia alitamani wangemcheka, maana kule kumwonea huruma kulimuuma mumewe zaidi. Aliuona mgongo wake ukijikunja ndani ya shati.

*

Haukupita muda, hifadhi ya bahari ikaitisha semina Utende, kusini mwa kisiwa, kwenye hoteli moja ya watalii, na halmashauri ikamtuma Laurencia kwa sababu aliyetakiwa kwenda alikuwa anaumwa. Mada ilikuwa nyavu zilizopigwa marufuku. Laurencia, mzaliwa wa Bukoba, aliyewajua samaki wa ziwani kuliko wa baharini, aliandika alichoweza na kusubiri chai.

Wakati wa chai alikwenda kunawa mikono. Alipofungua bomba, maji yalimrukia mpaka kwenye blauzi. Akalifunga. Akalitazama. Akalifungua tena.

Nje, mwanamume wa makamo alikuwa akifagia majani njiani. Jina lake Ussi, mtu wa Utende, aliyekuwa akitunza bustani ya hoteli.

"Kaka, samahani. Maji haya yanatoka wapi? Ya halmashauri hayafiki huku."

"Kisimani, hapo nyuma ya jiko, bibie."

"Yanavutwa na nini? Mbona sisikii jenereta?"

Ussi alielekeza fagio juu, kwenye jua.

Nyuma ya jiko palikuwa na vioo vya sola juu ya paa, kisanduku ukutani kisichozidi redio ya mkulima, na bomba jeusi lililozama kisimani. Basi. Laurencia aliuzunguka ule mdomo wa kisima mara mbili akitafuta mashine.

"Yenyewe iko wapi?"

"Imo humo, chini ya maji. Niliiona siku ile wanaitia. Ndefu hivi, utadhani chupa ya chai."

"Nani kaitengeneza?"

Ussi alicheka. "Nani! Ilikuja ndani ya boksi, bibie. Bosi kainunua dukani, Dar."

"Na ikiharibika?"

"Ya kwanza iliungua radi ilipopiga. Bosi akapiga simu dukani, wakaleta nyingine, ile ile. Ila usiniulize ndani yake kuna nini, sijui. Mimi nafuta vumbi kwenye vioo, maji yanatoka."

"Kisima hiki kina chumvi?"

"Onja."

Alionja. Yalikuwa na ukali uleule wa Bweni, unaokamata nyuma ya ulimi. Alitoa simu akapiga picha kisanduku, akapiga picha bomba, akampiga picha Ussi na fagio lake. Nusu ya pili ya semina hakusikia neno. Kichwani alikuwa anaona ndoo, nyingi, zote zimejaa.

*

Alifika nyumbani, kwenye kota za halmashauri pale Kilindoni, hata viatu hajavua.

"Baba Blessing! Nimeona pampu!"

Wilbrod alikuwa mezani na karatasi zake, anauchora ule mkono mpya. Binti yao Blessing, wa kidato cha pili, alikuwa uani anakaanga samaki aina ya changu. Aliposikia sauti ya mama yake imepanda alichungulia, kisha akarudi kwenye kikaango chake.

Mwanzoni Wilbrod alisikiliza kwa hamu. Aliishika simu, akaikuza picha kwa vidole, akauliza urefu wa bomba. Halafu akaisukuma mezani polepole.

"Za boksi hizi."

"Za boksi, ndiyo! Ziko dukani. Hata leo ziko dukani. Zile fedha za Bweni zilizobaki zinatosha, nimepigapiga hesabu kwenye gari. Na tusipozitumia, mwisho wa Juni zinarudi Hazina, unajua. Tunaweza kuwahi!"

"Laurencia, hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote. Bweni si mtu yeyote. Kuna chumvi, kuna mchanga, kina cha maji kinapanda na kushuka na bahari. Nimepima mwenyewe."

"Utende kuna chumvi hiyohiyo. Nimeonja."

"Umeonja!" Wilbrod alisimama. "Mimi nimekaa miaka miwili na vipimo, wewe umeonja."

"Wanaoga kwa maji yale, Wilbrod. Wanafua. Yalinirukia mpaka hapa." Alimwonyesha blauzi, ambayo ilikuwa imekwisha kauka.

Wilbrod alitembea mpaka dirishani akarudi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sikusoma ili ninunue vitu. Nilisoma ili nivitengeneze. Kwenda dukani hata Blessing anaweza. Sasa halmashauri inanihitaji mimi kwa lipi?"

Laurencia hakuwa amelitazama jambo upande huo. Alitaka kumshika mkono, lakini furaha aliyokuja nayo ilikuwa bado inachemka, na ilimsukuma mbele.

"Nitaiandikia bodi ya zabuni," alisema. "Ni kazi yangu. Nisipofanya, wale kina mama watabeba ndoo kutoka bondeni mwaka mwingine."

"Utaandika habari yangu mimi, mumeo."

"Nitaandika habari ya pampu."

"Pampu ni mimi," alisema Wilbrod, akakunja karatasi zake, akatoka. Samaki walipoiva walikula wawili, mama na binti.

Tangu siku hiyo Wilbrod akawa anakula kwa mama ntilie karibu na soko. Kilindoni ni mji mdogo. Kabla ya wiki kwisha, Laurencia alikuwa anapita sokoni na watu wanauliza kwa upole wa kuudhi, "Mama Blessing, hujambo lakini? Nyumbani salama?" Na muuza nazi mmoja, aliyekuwa akimpigia kelele kila siku, alimuuzia nazi bila kusema kitu, kama anayemuuzia mtu aliyefiwa.

*

Bodi ya zabuni ilikaa kwenye ukumbi mdogo wenye feni moja. Mwenyekiti wake alikuwa Fortunatus, mkuu wa idara ya elimu, mtu wa maneno machache. Wilbrod aliitwa kwa sababu mradi ni wa idara yake. Aliketi upande wa pili wa meza, ananyoosha mchoro wake kwa viganja.

"Kabla sijaanza, mheshimiwa mwenyekiti," alisema Laurencia, "sheria inanitaka nitangaze maslahi. Mhandisi wa maji ni mume wangu."

"Hilo Mafia nzima inalijua," alisema mjumbe mmoja, na ukumbi ukacheka. "Ila kumbe nyumbani hamkuelewana, mkaona mtuletee sisi."

Wakacheka tena. Masikio ya Laurencia yalipata moto. Wilbrod alikuwa anatazama mchoro wake tu. Fortunatus aligonga meza kwa kalamu, akampa ishara aendelee, na Laurencia akaendelea, kwanza sauti ikitetemeka, halafu kila alivyozidi kusema ndivyo ilivyozidi kukaza.

Alisema, tangu mwanzo tuliomba pampu ya umbo fulani, chuma fulani, mnara wa namna fulani. Tukaelezea mashine, ikabidi mashine hiyo iundwe, kwa kuwa haipo. Tungeelezea maji tu: kiasi gani kwa siku, kutoka kina gani, chumvi kiasi gani. Yeye ameyaandika hayo tu kwenye karatasi moja, akawapelekea wauzaji watatu wa Dar. Wote watatu wamejibu kwamba wanayo. Iko kwenye rafu, ina dhamana, na ikifa inaletwa nyingine. Bei ya chini kabisa, pamoja na usafiri, ni ndogo kuliko gharama ya kuufua ule mkono upya.

"Ikifa hii tuliyo nayo," alimalizia, "fundi wake duniani ni mmoja."

Hakukusudia kumtazama Wilbrod, lakini wote walimtazama.

Wilbrod alisimama. Akaongea vizuri, kuliko alivyopata kuongea mbele ya watu. Akasema nchi inayonunua kila kitu dukani haitajua kamwe kutengeneza kitu. Akasema upepo wa Mafia ni wa bure na hauhitaji kioo kutoka nje. Akasema kila kitu kikubwa kilivunjika kwanza. Wajumbe wawili walitikisa vichwa kukubali, na hata Laurencia, kwa dakika nzima, alimwonea fahari mtu huyu, akasahau kwamba wako pande mbili.

Fortunatus alimwacha amalize. "Injinia, nimekuelewa, na sikupingi. Nakuuliza moja. Tukikupa fedha hizi leo, Bweni watapata maji lini?"

Angeweza kutaja mwezi wowote. Hakuna ambaye angemkatalia. Wilbrod alitazama mchoro wake mzuri uliojaa mistari ya miaka miwili.

"Sijui, mwenyekiti," alisema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Wakapiga kura, wote upande mmoja: inunuliwe ya dukani, na iwe imefungwa na kukaguliwa kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Laurencia alitaka kuruka juu ya kiti. Alitaka pia kulia, kwa jinsi Wilbrod alivyoukunja mchoro wake taratibu, akilinganisha pembe na pembe, kana kwamba utahitajika kesho.

*

Halafu ikawa mbio. Oda ilitoka siku ileile. Laurencia alipiga simu dukani asubuhi na mchana mpaka yule dada wa mapokezi akawa anamwita shangazi. Maboksi yakapakiwa kwenye lori, lori likafika bandari ya Nyamisati, upande wa bara, na pale, bahari ikiwa imechafuka kwa kusi, boti ikatoka nayo ikarudi nayo. Kesho yake ikatoka tena, ikarudi tena. Juni ilikuwa ukingoni. Kila asubuhi mhasibu alichungulia mlangoni mwa Laurencia na swali moja, "Imevuka?" na kila asubuhi Laurencia alitikisa kichwa kukataa, na mhasibu akaondoka kama daktari mwenye habari mbaya.

Ilivuka siku ambayo alikuwa amekwisha kata tamaa. Alikimbia mpaka gatini na viatu vya ofisini, akaikuta boti inayumba, abiria wanateremka wamelowa na nyuso za kijivu, na chini ya turubai, maboksi yake. Boksi moja limelowa pembeni. Alilipapasa kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Fundi wa duka yuko wapi?" alimuuliza nahodha. "Alisema anakuja nayo, aje aifunge."

"Yule kijana mwenye begi jekundu? Alifika Nyamisati, akayatazama mawimbi, akasema salimieni Mafia. Karudi Dar." Nahodha akatoa kitabu kilichofungwa kwenye nailoni. "Kakuachia hiki. Kasema kina picha."

*

Safari ya Bweni Laurencia alikaa nyuma ya lori la halmashauri, juu ya mchanga, amekumbatia boksi la pampu lisigonge mabati. Mbele, ndani, walikaa dereva, Fortunatus na Wilbrod. Wawili hawa wa mwisho walikuwa wa kamati ya ukaguzi. Bila sahihi ya mhandisi wa maji hakuna malipo, na bila malipo maboksi yale ni mali ya duka. Alikuwa hajui kama mumewe atasaini. Hakumuuliza, na yeye hakusema. Baada ya kijiji cha Kirongwe njia ikawa mashimo matupu. Kila lori liliporuka, Laurencia aliruka na boksi lake, na kila aliposhuka aligundua kwamba anacheka peke yake kwa wasiwasi.

Bweni nzima ilikuwa kisimani. Mafundi bomba wa halmashauri walianza kwa kulivuta bomba la pampu ya zamani, wakililaza kwenye nyasi kipande baada ya kipande. Wilbrod alisimama chini ya mnara wake, mikono kifuani. Juu, mapanga yalikuwa yanazunguka bure.

"Injinia," Fortunatus alisema, "fundi wa duka hakuja. Wewe si ungewaongoza hawa?"

"Mimi ni mkaguzi, mwenyekiti. Mkaguzi hafungi anachokikagua."

Ilikuwa kweli, na wote walijua kwamba si sababu.

Basi Laurencia alivua viatu, akafungua kitabu, akakaa chini katikati ya maboksi. Kijakazi akachuchumaa pembeni yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hii?" Kijakazi aliinyanyua pampu kutoka kwenye plastiki, chuma cheupe kinachong'aa, akaigeuzageuza. "Hii mbona chupa ya chai! Itatunywesha kijiji kizima hii?"

"Ndivyo wanavyosema, mama."

"Wanavyosema wao au unavyosema wewe?"

"Ninavyosema mimi," alijibu Laurencia.

Wanawake wakabeba vioo vya sola wawili wawili, wanapigiana kelele wasije wakavivunja, wakavipandisha kwenye kichanja walichokwisha kijenga wanaume wa kijiji. Mafundi wakaiteremsha pampu kwa kamba. Laurencia akasoma picha, akaunganisha nyaya kwenye kisanduku, moja, nyingine, nyingine, akakaza skrubu. Jua lilikuwa kali, jambo zuri. Akabonyeza. Taa ya kijani ikawaka, na kutoka chini kabisa ya kisima ukaja muungurumo mdogo, kama paka aliyeshiba.

"Inaongea!" mtu akapiga kelele. Ndoo zikasogea.

Bomba likatoa hewa. Likatoa hewa tena. Likadondosha matone, likanyamaza.

Wakasubiri. Laurencia alizima, akawasha. Muungurumo uleule, matone yaleyale. Nyuma yake akasikia mwanamke akisema kwa sauti ya chini, "Na hii nayo," na ndoo moja ikawekwa chini, ndo, halafu nyingine. Alifunua kitabu mbele, akafunua nyuma. Picha zilikuwa zinaogelea. Hakuthubutu kumtazama Wilbrod. Aliwaza habari ya mhasibu, na Hazina, na ukumbi ule ukicheka, na zaidi ya yote aliwaza njia ya bondeni.

Wilbrod alikuwa amejitahidi. Alikuwa ametazama baharini, akatazama viatu vyake, akatazama mnara. Lakini muungurumo ule ulikuwa unamwasha masikio. Alisogea hatua moja. Akasogea nyingine. Akapiga magoti, akaliweka sikio kwenye bomba jeusi, akafumba macho.

"Zima," alisema.

Laurencia akazima.

"Washa." Akasikiliza. "Zima! Inazunguka kinyume. Umeziunganisha nyaya mbili kichwa chini. Nipe hiyo bisibisi."

"Injinia," Fortunatus alisema, nusu kwa mzaha, "mkaguzi hafungi."

"Basi andika kwamba nimefunga! Niwajibishwe. Mama Blessing, bisibisi!"

Aliinyakua mkononi mwake. Alifungua nyaya mbili, akazibadilisha, akakaza, kofia imeanguka, haioni. Vidole vyake vilikuwa vyepesi vile vilivyokuwa vikicheza na vijiko mezani. "Washa sasa."

Maji hayakutoka kwa tone. Yalipasuka. Yaliruka nje ya bomba yakampiga Wilbrod kifuani, yakamwangusha kwa makalio, na kabla hajainuka ndoo zilikuwa zimemzunguka pande zote na vigelegele vimepanda mpaka ndege wakatoka minazini. Wanawake walisukumana, wakacheka, wakamwagiana. Bibi mmoja alikaa chini kabisa kwenye matope mapya akanyoosha miguu yake ili maji yapite juu yake. Fortunatus, mtu wa maneno machache, alikuwa anapiga kelele, "Msimwage! Msimwage!" naye amelowa mpaka magotini.

"Ndoo!" Wilbrod alikuwa anaita, anatazama saa yake. "Leteni ndoo, nione inajaa kwa muda gani. Tena! Nyingine! Ngoja, hii ilikuwa na maji tayari, leteni tupu!" Alipima, akapima, macho yamemtoka. "Laurencia, umeona? Umeona kasi hii? Na jua halijafika utosini!"

"Nimeona."

"Kitu kidogo vile!"

Kijakazi alijaza kopo, akamwendea Injinia, akammwagia lote kichwani, polepole, huku anacheka. "Mwakani imefika, mwanangu," alisema.

Wilbrod alipangusa uso. Alitazama juu, kwenye mapanga yake ya bati yaliyokuwa yanazunguka pasipo kazi, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa kama ulivyokuwa ukumbini. Laurencia alimwona. Hakumsogelea, alimwachia kitambo kile kiwe chake. Kisha Wilbrod akamgeukia Fortunatus, akanyoosha mkono uliolowa.

"Lete hiyo fomu ya ukaguzi, mwenyekiti. Nisaini kabla haijalowa."

*

Wakati wa kurudi hakuingia mbele. Alipanda nyuma ya lori, akakaa kwenye mchanga karibu na mkewe, suruali inachuruzika, akakichukua kile kitabu chenye picha na kuanza kukisoma kutoka ukurasa wa kwanza. Lori liliruka, yeye akaendelea kusoma. Laurencia alitoa kipande cha muhogo wa kuchemsha alichopewa na Kijakazi, akakivunja vipande viwili, akaweka nusu kwenye kiganja cha mumewe. Akala bila kuinua macho.

"Blessing leo anapika nini?" aliuliza baada ya muda.

"Hajui kama unakuja."

"Nakuja."

Akafunua ukurasa. Akaurudia. Akakuna kidevu.

"Hii ina ndugu yake kubwa," alisema. "Inavuta kutoka chini zaidi. Watu wa kijiji cha Kanga wana kisima kirefu, kile walichochimbiwa kikaachwa. Hilo duka linazo ngapi?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza! Afisa ugavi mzima?"

"Nilikuwa nanunua moja, Wilbrod."

"Mwaka mpya wa fedha unaanza keshokutwa. Mtu akiwa na vipimo tayari mezani, anakuwa wa kwanza." Alikuwa amekwisha piga magoti, anachungulia mbele juu ya kichwa cha dereva. Nyumba za kwanza za Kanga zilikuwa zinatokea kati ya minazi. Alianza kulipiga paa la lori kwa viganja vyote viwili. "Simama! Dereva, simama hapa!"

Fortunatus alitoa kichwa dirishani. "Kuna nini tena, Injinia?"

Lakini Wilbrod alikuwa amekwisha ruka chini na futi yake ya kamba, na viatu vyake vilivyojaa maji vilikuwa vinalia kwik, kwik, akikimbilia kisimani, akiwasalimia kwa mbali wanawake waliosimama pale na ndoo zao.